Ziba mianya ya baridi, lakini usijifungie na jiko

NYUMBA nyingi katika nyanda za juu za Kenya, kama vile Limuru na Kinangop zilizo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, huwa na baridi kali kati ya Juni na Agosti hata milango ikifungwa.

Aghalabu chanzo ni mianya isiyotiliwa maanani. Hewa yenye joto hupanda na kutokea kwenye pengo lililo kati ya ukuta na mabati, nayo hewa baridi huingia chini ya mlango kuchukua nafasi yake.

Ili kuitambua mianya hiyo, washa kijiti cha udi upepo unapovuma, kisha ukipitishe polepole kandokando ya fremu za madirisha, milango na matundu ya nyaya za umeme. Moshi ukiyumba ghafla, hapo pana mwanya.

Nyufa za ukutani zizibwe kwa saruji au udongo, na chini ya mlango pawekwe gunia lililokunjwa. Dari nayo hupunguza joto linalopotea kupitia mabati usiku.

Hata hivyo, matundu ya hewa yaliyo juu ya madirisha yasizibwe kamwe. Jiko la makaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kumuua mtu akiwa usingizini.

Matundu hayo pekee hayatoshi kumkinga anayelala na jiko. Litoe nje kabla ya kulala, hata makaa yakionekana kufifia.