Maji Safi kwa Macho, Maziwa Matamu kwa Ulimi

Tulipokuwa chuoni tulifundishwa kuyatazama maji kwa sifa tatu: rangi, ladha na harufu. Kipimo hicho chatosha katika mlango wa tohara, nasi hatukigusi. Lakini akina mama hutuuliza jambo ambalo jicho, ulimi na pua haviwezi kulijibu: je, plastiki huingia katika maji na maziwa tunayowanywesha watoto?

Huingia, ingawa si kila plastiki. Ile iitwayo PVC kwa asili ni ngumu. Ili ikunjike, viwanda huichanganya na vilainishi, vingi vikiwa vya jamii ya thaleti, na kijulikanacho zaidi ni DEHP. Kilainishi hiki hakikufungamana na plastiki yenyewe. Kimekaa ndani yake tu, mfano wa mafuta katika kitumbua, na hutoka polepole. Hakiyeyuki kwa wepesi katika maji, bali mafuta hukivuta. Ndiyo sababu maziwa hutiliwa shaka kuliko maji, na malai kuliko maziwa. Watafiti wa Uingereza na Norway waliwahi kukifuatilia hadi kwenye mipira laini ya mashine za kukamulia ng'ombe. (Bibi zetu waliokamua kwa mkono walisalimika na hilo bila ya kujua.)

Kwa wanyama wa majaribio, DEHP imedhuru viungo vya uzazi vya watoto wa kiume wangali matumboni, na Umoja wa Ulaya umeihesabu miongoni mwa sumu za uzazi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 8 kwa lita ya maji ya kunywa. Mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu.

Kitu kidogo hivyo huonekanaje? Maabara hukitoa kwanza katika maji kwa kiyeyushi. Maziwa yana taabu zaidi, kwani mafuta na protini lazima vitengwe. Kisha tone dogo huvukizwa na kupitishwa katika mrija mwembamba, mrefu, uliozungushwa ndani ya tanuri, na kila kitu hutoka kwa wakati wake. Mwishoni mashine huvivunja vitu hivyo na kupima uzito wa vipande. Thaleti nyingi huacha kipande chenye namba 149, nacho ndicho alama yao.

Lililotustaajabisha ni kuwa adui wa mpimaji ni maabara yake mwenyewe. Thaleti zimo katika glavu, vifuniko, hata vumbi. Kwa hiyo hutumia vyombo vya kioo vilivyochomwa kwa moto mkali, na kila mara hupima pia sampuli tupu isiyotiwa kitu, ili ajue uchafu ulioonekana umetoka wapi.

Nyumbani, basi, tusilituhumu dumu gumu la maji, ambalo kwa kawaida halihitaji kilainishi. Tuutazame mpira laini wa kupitishia maji ya kunywa, na mfuko laini unaomiminiwa maziwa yangali moto. Sufuria na chupa ya kioo hazina shida hiyo. Na atakaye maji ya kisima chake yapimwe thaleti, aombe chupa kwa maabara yenyewe. Akiyapeleka katika plastiki, huenda kitakachopimwa kikawa ni chombo.