Gari limeshushwa: tairi gani lifuate?

Kijana wa Nyasho, mjini Musoma, akishashusha gari lake kwa springi fupi, kinachofuata ni rimu na matairi. Rimu za inchi 15 zilizokuja na gari anaziona ndogo, kwa hiyo anatafuta za inchi 17 au 18 zenye matairi ya ubavu mfupi, yale ambayo mafundi huyaita lo-profaili. Mara nyingi anachagua kwa macho: likijaa vizuri ndani ya fenda, basi ndilo hilo. Lakini lililo muhimu limeandikwa ubavuni mwa tairi, na kulisoma ni kazi ya dakika mbili.

Tuchukue Altezza, gari ambalo Toyota ilianza kuliuza Japani mwaka 1998 na ambalo bado lina wapenzi wengi nchini. Lilitoka kiwandani na saizi zaidi ya moja, kati yake 195/65R15 na 215/45R17. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu kama asilimia ya upana huo. Ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Kwa hiyo ubavu wa 195/65 ni milimita 127 hivi. Ukihesabu wa juu na wa chini, ukajumlisha rimu, tairi zima lina kimo cha milimita 634. La 215/45R17 lina ubavu wa milimita 97 tu, lakini kimo chake ni 625. Tofauti ni milimita 9. Wahandisi waliongeza rimu inchi mbili, wakapunguza ubavu kwa karibu kiasi hicho, na gari likabaki karibu palepale.

Hesabu hiyo ndiyo inayosahaulika dukani. Mtu anaambiwa 215/40R17 inapatikana kwa bei nzuri, anaichukua. Kimo chake ni milimita 604, pungufu kwa 30 kuliko la awali. Gari linashuka nusu ya hiyo, milimita 15, juu ya, tuseme, 40 ambazo springi fupi zimekwisha kuchukua. Sasa sampu na ekzosi vimesogelea ardhi kwa milimita 55, na mwenye gari anajua kwamba alishusha 40. Spidomita nayo inasema uongo: ikionyesha 100, mwendo halisi ni kama 95. Mimi huwaambia watu wasivuke asilimia 3 ya kimo cha awali, na kwenye gari lililoshushwa nisingependa hata zifike mbili upande wa kupungua.

Kimo kikishakaa sawa, linabaki suala la ubavu, na hapa ndipo barabara zetu zinapoamua. Ubavu wa tairi ni sehemu ya springi za gari. Ukipanda jiwe au ukingo wa shimo, ubavu unajikunja kwanza, halafu springi na shokapu zinapokea kilichobaki. Ukishashusha gari, umepunguza safari ya shokapu. Ikifika mwisho wake inagonga. Ukipunguza na ubavu pia, umeondoa kinga zote mbili kwa wakati mmoja. Pigo linafika kwenye rimu moja kwa moja, na raba inabanwa kati ya chuma na ukingo wa shimo hadi nyuzi za ndani zinakatika. Siku mbili tatu baadaye unaona nundu ubavuni, kubwa kama nusu ya limau. Tairi hilo limekufa. Fundi pancha hawezi kulitibu, na anayekubali kuliwekea kiraka kwa ndani anakuuzia hatari ya kupasukiwa njiani.

Kutoka Nyasho kupitia Bweri hadi Makutano ni lami, na lami hiyo huwadanganya wengi wakaamini kwamba wameshapata gari la kila mahali. Safari yenyewe ina matuta na rasta, na kuna mahali unapolazimika kumpisha mwenye lori ukashukia pembeni, ambako ukingo wa lami umekuwa ngazi. Ukirudi mtaani mvua ikiwa imepita, mawe yaliyofunikwa na udongo mwezi uliopita sasa yako wazi. Ubavu wa milimita 97 unaweza kuvumilia hayo kwa dereva makini. Wa milimita 80 hauvumilii.

Matairi ya ubavu mfupi yalitokana na mashindano. Miaka ya 1970 Pirelli ilitengeneza tairi la P7, lililovaliwa na Lancia Stratos kwenye mbio za rali na Porsche 911 Turbo barabarani. Ubavu mfupi haujipindi sana kwenye kona ya kasi, kwa hiyo usukani unaitika upesi. Faida hiyo ni ya kweli. Ila kwenye vijiji vya kuelekea Bunda au Butiama, ambako kibao kinasema 50, hutaihisi.

Kuna alama nyingine ambayo wauzaji wachache huitaja: namba ya uzito, ile inayofuata saizi. 91 maana yake tairi moja linabeba kilo 615. 87 ni kilo 545. Tairi la 195/65R15 kwa kawaida ni 91. La 215/45R17 lipo la 87 na lipo la 91 lililoimarishwa, lenye herufi XL. Ukichukua la 87 umepoteza kilo 70 kila gurudumu, na gari ni lilelile linalobeba watu watano na mizigo ya msibani. Chukua XL, lakini ujue kwamba linabeba uzito huo kwa upepo mwingi zaidi. Ile desturi ya kumwambia kijana wa kompresa "nijazie thelathini" haifai hapa. Anzia na kiwango kilichobandikwa kwenye mlango wa dereva, ongeza paundi 3 hadi 5, na upime asubuhi kabla gari halijatembea.

Kwa Altezza iliyoshushwa inayolala Nyasho, chaguo langu ni 205/55R16. Kimo chake ni milimita 632, karibu sawa na la awali; ubavu ni milimita 113; na 91 yake unaipata bila XL. Haitapendeza sana kwenye picha, nakubali. Mwenye kusisitiza inchi 17 aishie kwenye 45. Inchi 18 yenye 35 nisingemfungia mtu yeyote hapa mjini, hata akija na pesa mkononi.

Ukishafunga, peleka gari likapimwe mwelekeo wa magurudumu. Gari likishuka, magurudumu huegemea ndani kwa juu na mwelekeo wake hubadilika, na matairi huanza kula upande wa ndani, ambao ukisimama pembeni huuoni. Ingiza mkono nyuma ya tairi, upitishe kiganja kutoka ukingo wa ndani kwenda nje, kisha urudi. Ukikwaruzwa ukienda upande mmoja na kuteleza ukienda mwingine, mwelekeo umeharibika. Nimeona matairi mapya yaliyotoka nyuzi upande wa ndani huku nje meno yakiwa kama ya dukani.

Wanunuzi wa matairi ya mitumba watafute tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Meno yanaweza kuwa marefu na raba ikawa imekauka. Kunja ubavu kidogo kwa vidole uangalie kama una nyufa nyembamba.

Mwisho, kabla hujamlipa fundi, paka chaki ukingo wa ndani wa fenda zote nne. Pakia watu wanne wazima, kata usukani hadi mwisho kushoto na kulia, kisha vuka tuta moja taratibu. Chaki ikifutika mahali, tairi linagusa. Usikubali kuambiwa kwamba litajizoesha. Mwombe akurudishie springi ndefu kidogo au mbadilishane tairi hapohapo.