Sola nyumbani: Je, itamfaa mgonjwa wako stima ikipotea?

Usiku wa Agosti 25, 2023, stima ilipotea karibu kote nchini, na baadhi ya maeneo yalikaa gizani hadi kesho yake. Siku chache baadaye mama mmoja alimleta babake katika kliniki yangu. Mzee huyo ana ugonjwa sugu wa mapafu na hutumia mashine ya oksijeni nyumbani. Familia ilikuwa imeweka paneli za sola juu ya paa, ikaamini kwamba imejikinga. Lakini stima ilipokatika, mashine nayo ilinyamaza. Mzee alikimbizwa hospitalini kwa gari la jirani, midomo na kucha zikiwa zimeanza kubadilika rangi.

"Daktari," bintiye aliniuliza, "sasa zile pesa zote tulitumia za nini?"

Msomaji mpendwa, huenda nawe una mgonjwa nyumbani, na unafikiria kununua sola kwa sababu ya kukatika kwa stima. Kabla ya kutoa pesa, elewa mambo machache.

Kwanza, paneli haihifadhi umeme. Huutengeneza jua linapowaka tu. Pili, mitambo mingi iliyounganishwa na stima ya kawaida bila betri hujizima yenyewe mara tu stima hiyo inapopotea, hata ikiwa ni saa sita mchana na jua ni kali. Hiyo si hitilafu. Hujizima ili umeme wa nyumbani usirudi katika nyaya za barabarani na kuwaua mafundi wanaozitengeneza. Kwa hivyo, kinachomwokoa mgonjwa usiku ni betri, pamoja na inveta inayoweza kufanya kazi stima isipokuwepo. Kazi ya paneli ni kuijaza betri hiyo.

Je, betri ya ukubwa gani? Hapa ndipo wengi hukosea. Mashine ya oksijeni ya lita 5 kwa dakika hutumia takriban wati 350. Kwa usiku wa saa 10, hizo ni wati-saa 3,500, yaani uniti tatu na nusu za tokeni. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 pekee. Tena ikiwa ni ya asidi, haifai kutumiwa kupita nusu, la sivyo itakufa mapema. Unabaki na wati-saa 600, na mashine haitafikisha hata saa mbili. Betri za lithiamu huweza kutumiwa karibu zote, ingawa bei yake ni ya juu. Usisahau pia kwamba paneli lazima ziweze kuijaza betri upya siku inayofuata, hata katika ule mwezi wa Julai ambapo Nairobi hujaa mawingu.

Si kila mgonjwa anayehitaji mtambo mkubwa. Anayetumia insulini, kwa mfano, huhifadhi chupa ambazo hazijafunguliwa kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8. Ile anayoitumia huweza kukaa nje, mahali pasipozidi nyuzi 30, kwa takriban wiki nne. Soma karatasi ya dawa yako, kwani aina hutofautiana. Friji isiyofunguliwa huhifadhi baridi kwa karibu saa nne. Stima ikikawia, chungu cha udongo chenye maji, kilichowekwa kivulini penye upepo, husaidia. Ifunge dawa vizuri isilowe. Usiigandishe insulini, ikiganda, itupe hata kama imeyeyuka.

Mwenye pumu naye asitegemee mashine ya mvuke pekee. Bomba la kuvuta dawa, likitumiwa pamoja na kichupa chake cha plastiki, hufanya kazi vyema bila umeme wowote. Mwulize daktari wako akuonyeshe namna ya kulitumia.

Aidha, kuna hatari ambazo nimeziona mwenyewe kazini. Usiwashe jenereta wala jiko la makaa ndani ya nyumba. Moshi wake una gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, na inaweza kuua watu wakiwa usingizini. Kuumwa na kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu ni dalili za kutoka nje upesi. Usiwashe mshumaa, koroboi wala sigara karibu na oksijeni, kwa maana moto hushika kasi ajabu. Betri za asidi ziweke mahali penye hewa, mbali na watoto na chumba cha kulala, kwa sababu hutoa gesi inayoweza kulipuka. Asidi ikimwingia mtu machoni, yaoshe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi, kisha umkimbize hospitalini.

Tafuta fundi aliyepewa leseni na EPRA, na umwambie waziwazi: "Nina mgonjwa. Mashine yake ni ya wati kadhaa, na lazima ifanye kazi saa kadhaa." Akishamaliza, mwambie azime swichi kuu mchana, mgonjwa akiwa salama na mtungi wa akiba ukiwa kando yake, muone kama mashine itaendelea na kwa muda gani. Jaribio hilo halipaswi kufanywa kwa mara ya kwanza usiku wa manane.

Yule mzee sasa ana betri ya kutosha. Lakini nilimwandikia pia mtungi wa oksijeni usiohitaji umeme, na nambari ya gari la wagonjwa imebandikwa mlangoni. Betri nayo huisha, na mawingu huja. Tahadhari kabla ya hatari.