ULISOMA KWA MKOPO? SOMA HII KABLA HUJAENDA BENKI KUOMBA MTAJI

Wauzaji wa mtandaoni wa Ibighi na Tukuyu nzima, mnaouza parachichi na ndizi WhatsApp, hii inawahusu.

Ulipoomba mkopo HESLB uliacha namba yako ya mtihani wa kidato cha nne, cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa RITA, namba ya simu na taarifa za mdhamini. Hazikuishia chuoni. Usipolipa, deni linaweza kupelekwa kwa taasisi zinazotunza kumbukumbu za wakopaji. Siku unaomba mtaji, afisa mikopo analiona.

Usiseme "mimi sijaajiriwa". Aliyeajiriwa anakatwa 15% ya mshahara. Uliyejiajiri unatakiwa kulipa mwenyewe.

Fanya hivi:

✅ Omba taarifa ya deni lako. Umelipa na halijapungua? Dai lirekebishwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inakupa haki hiyo.

✅ Lipa kwa kumbukumbu namba ya malipo ya serikali tu. Anayetaka utume kwenye simu yake, huyo tapeli.

✅ Na wewe una namba za wateja. Sheria hiyohiyo inakubana, usizigawe ovyo.

Mtumie mwenzako aliyesoma kwa mkopo. Swali? Dondosha hapo chini.