Siha ya Meno Wakati wa Noeli na Bonane

Katika majuma ya mwisho wa mwaka, wakati kreti za soda zinapopangwa hadi nje ya milango ya maduka ya Endiinzi, huku kusini-magharibi mwa Uganda, na katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ambayo tangu mwaka 1958 yamekuwa kimbilio la Wanyarwanda, na baada yao Wakongo, Warundi, Wasomali na umma wa mataifa mengine, kila mzazi mwenye shilingi chache za akiba hutafuta la kumfurahisha mwanawe, tabibu wa meno hutarajiwa kusimama mbele ya watu na kuharimisha utamu. Mimi siharimishi. Jamaa waliokula posho na maharage mwaka mzima wana haki ya karamu yao, na kumnyima soda ya Noeli mtoto aliyezaliwa ukimbizini ni dhulma juu ya dhulma. Ninalotaka kulieleza ni kwamba madhara ya sukari hayategemei wingi wake kama yanavyotegemea mara ngapi inaingia kinywani kwa siku.

Katika utando laini unaoganda juu ya meno huishi vijidudu ambavyo kila vipatapo sukari huigeuza kuwa tindikali kwa dakika chache tu. Tindikali hiyo huyeyusha madini ya enameli, yaani lile gamba jeupe la nje ambalo ni gumu kuliko mfupa. Kisha mate, ambayo Mola ameyajaalia kuwa na chokaa na fosfeti, huizimua na kurudisha polepole madini yaliyopotea, kazi ambayo aghalabu huchukua nusu saa hadi saa nzima. Anayekula utamu wake wote pamoja na chakula cha mchana huyashambulia meno mara moja na kuyapa wasaa wa kupona. Anayedokoa mchana kutwa huyanyima mate nafasi ya kumaliza kazi, na siku zikifuatana kwa namna hiyo ndipo shimo linapoanza.

Jambo hili lilithibitishwa huko Uswidi, katika hospitali ya Vipeholm, baina ya mwaka 1945 na 1955, kwa njia ambayo hakuna tabibu mwenye imani anayeweza kuisimulia bila uchungu, kwani waliojaribiwa walikuwa watu wenye udhaifu wa akili, wala ridhaa yao haikutakwa. Waliopewa sukari nyingi pamoja na mlo hawakudhurika sana. Waliopewa tofi za kunata kati ya mlo na mlo waliharibika meno vibaya mno. Serikali ya Uswidi ikawashauri wazazi wawape watoto peremende siku moja tu kwa juma, na hata leo Waswidi wengi hununua peremende za Jumamosi.

Hapa petu hatari huja kwa mlango usiodhaniwa, nao ni uwekevu. Mtoto anayepata soda mara chache kwa mwaka haimalizi upesi. Hutoboa kifuniko cha chupa ya plastiki kwa msumari, akafyonza tone moja, akaificha nyuma ya mlango, akaenda kucheza mpira, akarudi kufyonza tena, na jua likichwa chupa ingali na robo. Mama humsifu kuwa si mlafi, naye kweli si mlafi. Lakini meno yake yamekuwa ndani ya tindikali tangu asubuhi, kwa kuwa soda yenyewe ni kali hata kabla ya vijidudu kuigusa. Nawasihi akina mama wamwache anywe yote kwa mkao mmoja, pamoja na pilau au matoke yake, kisha asukutue kwa maji. Hukumu ni hiyo hiyo kwa halua na chai tamu za Idi, ambazo kwa Wasomali wa Nakivale huja kwa hesabu ya mwezi mwandamo.

Usiku ndio wakati wa kujihadhari zaidi, maana mtu alalapo mate hupungua, na uji au peremende iliyosalia kati ya magego hukaa hadi alfajiri. Kwa hiyo, hata ngoma ya Bonane ikikesha, asilale mtu kabla ya kupiga mswaki kwa dawa ya meno yenye floridi, kiasi cha punje ya mchele kwa mtoto chini ya miaka 3 na cha njegere kwa aliyeizidi; ateme povu lakini asisukutue, ili floridi ibaki ikifanya kazi. Mswaki wa mti nao usidharauliwe, kwani Shirika la Afya Duniani liliukubali tangu mwaka 1986. Ila utiwe dawa kidogo ya floridi.

Vijana wanaofungua chupa kwa meno ili kuonyesha ubabe nawaomba waache, kwa sababu jino lililovunjika halioti tena. Jino la ukubwani liking'oka zima kwa ajali, lishikwe upande wa kutafunia, mzizi usiguswe wala kusuguliwa, lisuuzwe kidogo na kurudishwa mahali pake. Ikishindikana, litiwe katika maziwa, ambayo katika nchi hii ya ng'ombe wa Ankole hayako mbali, na mtu afikishwe kwa tabibu kabla ya saa moja kupita. Jino la utotoni lisirudishwe.

Mafuta ya karafuu hutuliza maumivu ya jino kwa muda, bali hayaondoi usaha, na aspirini isibandikwe ufizini kwani huuunguza. Shavu likivimba pamoja na homa, au mgonjwa akishindwa kupanua kinywa au kumeza mate, asingoje sikukuu ipite: apelekwe kituo cha afya kilicho karibu usiku huo huo, na wahudumu waombwe kumpa rufaa ya hospitali ya Mbarara bila kukawia, kwa sababu uvimbe wa namna hiyo ukishuka shingoni huziba pumzi.