Taiming ya injini kuukuu: mkanda wa bei ndogo unaobeba safari nzima

WASAFIRISHAJI wanaotumia Hiace, Hilux na magari mengine ya zamani kupeleka bidhaa kwenye vituo vya mpakani kama Namanga, Holili na Tunduma hupiga hesabu ya mafuta, ushuru na posho ya dereva kabla ya safari. Kitu kimoja husahaulika mara nyingi: taiming ya injini. Mkanda wake ukikatika njiani, gari huzima papo hapo, na mara nyingi halitembei tena mpaka silinda hedi ifunguliwe.

Suala hili lina uzito kwa sababu kupata gari jingine si rahisi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane. Uganda nayo, kwa sheria ya mwaka 2018, ilipiga marufuku kuingiza magari yaliyozidi miaka 15. Masharti hayo yanahusu magari yanayoingia nchini. Yale yaliyokwisha kusajiliwa yanaendelea kufanya kazi, na wenye nayo huona nafuu kuyatengeneza kuliko kununua mengine.

Kazi ya kemshafti

Kemshafti ni chuma kirefu chenye nundu ambazo hufungua na kufunga vali za injini. Krankshafti ikizunguka mara mbili, kemshafti huzunguka mara moja. Kinachoziunganisha ni mkanda, cheni au gia, kutegemea aina ya injini. Taiming ni kuhakikisha kwamba vali zinafunguka na kufungwa kwa wakati unaotakiwa, kulingana na mahali pistoni ilipo.

Kosa dogo lina madhara makubwa. Ikiwa puli ya kemshafti ina meno 40, kuruka jino moja ni sawa na nyuzi 9 za kemshafti, yaani nyuzi 18 za krankshafti. Gari litawaka, lakini litakosa nguvu mlimani, litakunywa mafuta na huenda likapata joto. Wenye magari wengi wamebadilisha nozeli au kabureta bila sababu, kumbe tatizo lilikuwa jino moja.

Mkanda au cheni?

Injini za dizeli za Toyota za 2L, 3L na 5L, zenye ukubwa wa cc 2,446, 2,779 na 2,986, zinatumia mkanda wa mpira. Mkanda huo huo ndio unaozungusha pampu ya dizeli. Muda uliozoeleka wa kuubadilisha ni kila kilomita 100,000, na magari mengi ya aina hiyo yana taa yenye maandishi T-BELT inayowaka kwenye dashibodi muda huo ukifika.

Taa hiyo haipimi hali ya mkanda. Inahesabu kilomita tu. Gari lililorudishwa nyuma kilomita zake kabla ya kuuzwa, au lililobadilishiwa dashibodi, haliwezi kutoa onyo la kweli. Mnunuzi asiye na uhakika wa historia ya gari anashauriwa kubadilisha mkanda kwanza, kisha aanze hesabu yake mwenyewe. Oili inayovuja kwenye sili za mbele nayo huharibu mkanda kabla ya wakati, hivyo sili hubadilishwa siku hiyo hiyo pamoja na puli ya kukaza mkanda.

Katika injini hizo mkanda ukikatika, vali zilizobaki wazi hugongana na pistoni. Vali hupinda, na wakati mwingine hata kemshafti huvunjika.

Cheni hudumu zaidi lakini hurefuka taratibu, na ikirefuka taiming huchelewa. Mfano mzuri ni injini za Datsun za aina ya L, ikiwamo ya Datsun 240Z iliyoshinda mbio za Safari Rally mwaka 1971 na 1973. Puli ya kemshafti ya injini hizo ina matundu matatu yenye namba 1, 2 na 3. Cheni ikiwa mpya hutumika tundu la kwanza. Ikirefuka kiasi cha alama kupitana, fundi huhamia tundu la pili, na baadaye la tatu. Baada ya hapo dawa ni cheni mpya.

Kupanga taiming

Fundi makini hufuata utaratibu. Kwanza huzungusha injini kwa mkono mpaka pistoni ya silinda ya kwanza ifike juu kabisa, vali zake zote zikiwa zimefungwa. Kisha hulinganisha alama za krankshafti, kemshafti na, kwa dizeli, pampu. Huvisha mkanda bila kuukunja wala kuulazimisha kwa bisibisi, halafu huukaza kama kitabu cha injini hiyo kinavyoelekeza.

Hatua inayorukwa mara nyingi ni ya mwisho: kuzungusha injini kwa spana mizunguko miwili kamili, upande inakozunguka kawaida, na kuangalia alama upya. Ikigoma, kuna vali inayogusa pistoni. Akilazimisha kwa stata, hasara inaanzia hapo.

Kemshafti ya mashindano

Baadhi ya wenye magari ya petroli ya zamani huambiwa kwamba kemshafti ya mashindano itaongeza nguvu. Ni kweli, lakini nguvu hiyo huja wapi?

Kemshafti hiyo hufungua vali kwa kimo kikubwa zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Injini ikienda kasi, hewa nyingi huingia. Ikienda polepole, sehemu ya hewa hurudi nyuma kwa sababu vali imechelewa kufungwa. Nguvu huhama kutoka mizunguko ya chini kwenda ya juu. Gari la mashindano linafaidika. Pikapu iliyojaa magunia haifaidiki, kwa sababu inahitaji nguvu kuanzia mizunguko 1,500 hadi 3,000 kwa dakika.

Kuna jambo la usalama pia. Buster ya breki ya gari la petroli hutegemea mvuto wa hewa wa injini. Kemshafti kali hupunguza mvuto huo injini ikiwa sailensa, na kanyagio la breki huwa gumu. Katika miteremko kama Kitonga au Mai Mahiu, hilo si jambo la kujaribu.

Kwa dizeli kuukuu isiyo na tabo, kemshafti ya aina hiyo haina faida. Hupunguza mgandamizo wakati wa kuwasha, na gari huwa zito asubuhi.

Anayeihitaji kwa kazi maalumu anapaswa kuchagua ya kiasi, yenye muda wa vali usiopishana sana na ya kiwandani. Aangalie muda huo umepimwa vipi: namba iliyopimwa vali inapoanza tu kuinuka huwa kubwa kuliko iliyopimwa ikiwa imeinuka milimita 1.27, ingawa kemshafti ni ile ile. Springi za vali lazima zilingane nayo, na nafasi kati ya vali na pistoni ipimwe. Kiwango cha tahadhari kinachotumika sana ni milimita 2 kwa vali ya kuingiza na 2.5 kwa ya kutoa.

Alama za puli hazitoshi kwa kemshafti ya namna hiyo. Hupimwa kwa kisahani cha nyuzi na geji. Mfano: geji ikionyesha kimo kile kile kwenye nyuzi 72 na 148 baada ya pistoni kufika juu, kilele cha nundu ni jumla yake ikigawanywa kwa mbili, yaani 110. Karatasi ya mtengenezaji ikisema 108, kemshafti imechelewa nyuzi 2 na inapaswa kusogezwa mbele. Kuitanguliza kidogo huongeza nguvu ya chini. Kuichelewesha huongeza ya juu.

Hesabu ya mwenye gari

Chukulia gari linaloingiza Sh80,000 kwa siku baada ya matumizi. Likilala gereji siku sita, Sh480,000 zimepotea kabla ya kulipia vali, gasketi, ufundi na kuvutwa. Mzigo ukiwa nyanya, hasara ya tajiri wa mzigo nayo inaingia. Mzigo ulio chini ya lakiri ya forodha una tatizo zaidi: haufaulishwi kwenye gari jingine bila idhini ya maofisa wa forodha.

Kwa upande mwingine, mkanda, sili na puli ya kukaza ni kazi ya siku moja. Kuandika kwa rangi kwenye kava ya mkanda tarehe na kilomita za siku ulipobadilishwa hakugharimu kitu, na humsaidia hata dereva mpya kujua lini zamu inayofuata itafika.