Mtu Penye Banio Usiku

Kila aliyekulia Old Moshi ameuona udukuzi kabla hajaiona kompyuta, kwa kuwa ameiona mifereji, ile mifongo ambayo wazee waliichimba kuyateremsha maji ya mlimani hadi vihambani, kwenye mashamba ya migomba, kwa zamu zinazojulikana. Na aghalabu ameiona pia ile asubuhi ambapo banio, lile gogo la mgomba na udongo vinavyoziba njia ya maji, limekutwa limesogezwa, kihamba kimoja kimelowa kinyume cha zamu, na cha jirani kikavu.

Neno udukuzi lenyewe ni la kale. Mdukuzi alikuwa mtu wa kutega sikio asikie siri za watu, nasi tukalichukua kumwita afunguaye kompyuta zisizo zake. Huko Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950, wanafunzi wa chuo cha MIT waliopenda kuunda njia za treni ndogo za umeme walilitumia neno lao, hacker, kwa sifa, yaani mtu stadi anayekifungua kitu ili afahamu kinavyokwenda. Baadaye wadukuzi wakagawanywa kwa kofia, kama katika filamu za zamani za wapanda farasi ambamo mwovu huvaa nyeusi: mwenye kofia nyeusi ni mwizi na mharibifu, mwenye nyeupe hutafuta ubovu wa mifumo ya benki kwa idhini ya benki yenyewe, na katikati yuko wa kijivu, aingiaye bila kualikwa, asiibe kitu, kisha akamwambia mwenyewe kwamba mlango wake ni mbovu.

Hujuma nyingine hazihitaji hata kuingia ndani. Julai 2023 kundi lililojiita Anonymous Sudan liliumiminia mfumo wa eCitizen wa Kenya maombi ya uongo kupita uwezo wake, kama mtu aelekezaye mto mzima katika mfereji mmoja, hata raia waliotaka huduma za serikali wakakwama.

Na wako matapeli wasiojua kompyuta kabisa. Shangazi yangu, auzaye ndizi sokoni Kiboriloni, alikuwa akingoja mwanawe amwelekeze pa kutuma ada, ukaingia ujumbe: “Ile hela itume kwenye namba hii.” Akaifuta mikono kwa khanga, akatuma. Hakuna namba ya siri iliyovunjwa. Kilichodukuliwa ni mapenzi ya mama kwa mtoto.

Anayenisumbua dhamiri ni yule wa kijivu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 inamhesabu mkosaji aingiaye kwa kukusudia na kinyume cha sheria katika kompyuta ya mwingine, hata asipochukua kitu, nami naona ni sawa, kwani gizani mwenye kihamba haoni nia; anaona mtu penye banio lake. Idhini ndiyo mpaka, wala ustadi na huruma havisimami badala yake. Hata hivyo, kijana aliyeona ubovu pasipo kuutafuta, tuseme anafungua akaunti yake akaletewa salio la mwingine, anastahili kupata pa kuupeleka. Kipo kitengo cha TZ-CERT, chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, kinachoshughulikia matukio ya namna hiyo. Lakini ushirika wowote unaotunza amana za wakulima wa kahawa na wajane ungeweza, leo hii, kubandika mlangoni namba ya simu ya mtu wa kupokea habari kama hizo, na chini yake maneno machache kwamba aletaye habari kwa nia njema hataitiwa polisi.